Ferdinand Porsche: Mtoto wa fundi wa mabati aliyesaka kimo sahihi cha gari

KAMA umewahi kusimama kwenye gereji ya mtaani ukitazama Beetle kuukuu ikifungwa vyuma vipya, unaijua ile raha. Mwenye gari ameweka akiba miezi kadhaa. Vyuma alivyonunua ni vinene kuliko vile vya kiwandani, na kila mtu anasema gari sasa litakuwa fiti. Jeki inateremshwa, halafu kimya. Mkia umepanda juu kama wa jogoo, magurudumu ya nyuma yamekunja miguu kwa ndani, na macho yote yako kwa fundi.

Fundi naye anaapa kwamba amerudisha kila kitu pale pale alipokitoa. Na anasema kweli. Tatizo ni hilo hilo.

Ili uelewe kwa nini, inafaa umjue jamaa ambaye ofisi yake ilichora mfumo huo, mtu aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita. Jina lake ni Ferdinand Porsche. Wengi wetu tunalijua kupitia magari ya matajiri, lakini maisha yake yalianza mbali sana na utajiri.

Alizaliwa Septemba 3, 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, eneo la Bohemia ambalo leo liko Jamhuri ya Czech. Baba yake, Anton, alikuwa fundi wa mabati. Fikiria wale mafundi wa Kamukunji wanaogonga masanduku na karai kutwa nzima. Hiyo ndiyo kazi iliyomngoja kijana huyu. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki, kwa hivyo karakana ilikuwa imrithi yeye.

Lakini Ferdinand alikuwa amenaswa na umeme. Mchana aligonga bati, jioni alikwenda kusoma masomo ya ufundi mjini Reichenberg. Alipokuwa bado kijana aliweka taa za umeme nyumbani kwao, jambo lililokuwa ajabu enzi hizo. Akiwa na miaka 18 alikwenda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme, na alipopata nafasi aliingia kimya kimya kwenye mihadhara ya chuo cha ufundi. Digrii hakuwahi kuisomea. Ile ya udaktari aliyopewa mwaka wa 1917 ilikuwa ya heshima tu.

Gari lake la kwanza lililomtangaza lilitumia betri. Lilioneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1900, likiwa na mota ndani ya magurudumu yenyewe. Watu walishangaa, ila gari lilikuwa zito ajabu. Porsche alijifunza mapema kwamba kila kilo unayoongeza kwenye gari lazima ibebwe na kitu fulani.

Baadaye alifanya kazi Austro-Daimler, kisha Daimler mjini Stuttgart kuanzia 1923. Huko alitengeneza magari ya mashindano yenye nguvu, lakini wazo la gari dogo la bei nafuu liligonga mwamba kwa wakubwa wake. Akaondoka. Mwaka wa 1931, uchumi wa dunia ukiwa umeporomoka, alifungua ofisi yake mwenyewe Stuttgart akiwa na kikundi kidogo cha wahandisi, akiwemo Karl Rabe na mwanawe Ferry.

Mwaka huo huo ofisi hiyo iliomba hataza ya kitu kilichoonekana kidogo: badala ya springi nzito zilizopangwa kama majani, gari libebwe na fimbo ya chuma inayosokotwa.

Chukua rula ya plastiki. Shika ncha moja kwa mkono huu, nyingine kwa mkono ule, kisha isokote kidogo. Ukiiachia inarudi. Basi chuma cha msokoto hufanya vivyo hivyo. Ncha moja imefungwa katikati ya gari, nyingine imeshika mkono unaobeba gurudumu. Gurudumu likipanda kwenye tuta, chuma kinasokotwa. Likishuka, chuma kinajirudisha. Hakichukui nafasi, ni chepesi, na matope hayakisumbui.

Utamu uko kwenye meno. Kule nyuma ya Beetle, ncha ya ndani ya chuma hicho ina meno 40, na ncha ya nje ina meno 44. Ukisogeza jino moja la ndani, mkono wa gurudumu unageuka nyuzi 9. Ukisogeza jino moja la nje, unageuka nyuzi 8 na kidogo. Sasa peleka la ndani upande mmoja na la nje upande wa pili. Tofauti inayobaki haifiki hata nyuzi 1, yaani milimita chache tu pale kwenye gurudumu. Kwa meno ya chuma yasiyo na skrubu hata moja, unaweza kuliweka gari katika kimo unachotaka.

Hapo ndipo fundi wetu alipokwama. Chuma kinene hakisokotwi kirahisi kama chembamba. Uzito ni ule ule, lakini chuma kipya kinakubali kidogo tu, kwa hivyo gari linabaki juu. Ukiboresha chuma ukaacha meno pale pale, umebadilisha kimo bila kujua.

Mwaka wa 1934 Porsche alipata mkataba aliokuwa akiuota: kubuni gari la wananchi, Volkswagen, ambalo bei yake isizidi Reichsmark 1,000. Aliyelitaka ni Adolf Hitler. Si kila wazo lililomo lilikuwa la Porsche. Kampuni ya Tatra, kupitia mhandisi Hans Ledwinka, ilikuwa na magari yaliyofanana nalo sana, na madai yakazuka. Hata hivyo, vyuma vya msokoto vilitoka ofisini mwake.

Kisha vita vikaja, na jeshi likataka gari hilo hilo liende porini. Majaribio ya kwanza yalionyesha kasoro mbili. Gari lilikuwa chini mno, na halikuweza kutembea polepole, kama kilomita 4 kwa saa, sambamba na askari aliyebeba mzigo. Ofisi ya Porsche ikajibu yote mawili kwa pigo moja: waliweka gia ndogo kwenye kila gurudumu la nyuma. Gari likapungua kasi, likapata nguvu, na likainuka takriban sentimita 5. Shoki zikabadilishwa ziendane na kimo kipya. Ndivyo Kübelwagen ilivyozaliwa, na takriban 50,000 zilitengenezwa.

Kama fundi, hapo alifanya kazi safi. Kama mtu, hapo ndipo jina lake lina doa lisilofutika. Alijiunga na chama cha Nazi mwaka wa 1937 na akapewa cheo katika SS. Kiwanda cha Volkswagen alichokuwa mmoja wa wakuu wake kiliendeshwa wakati wa vita kwa jasho la maelfu ya watu waliolazimishwa: mateka wa vita, wafungwa wa kambi, vijana wa kiume na wa kike waliobebwa kutoka Poland na Muungano wa Sovieti. Watoto wachanga wa wanawake hao walinyang'anywa wakawekwa katika nyumba ya kulelea chini ya kiwanda hicho, na zaidi ya 300 walikufa. Mtu aliyeweza kupima milimita za chuma hakupima hilo, au alipima akanyamaza.

Desemba 1945 Wafaransa walimkamata. Alikaa kizuizini karibu miezi 20, sehemu yake katika gereza la Dijon, hadi alipotolewa kwa dhamana Agosti 1947 akiwa mgonjwa. Mwanawe Ferry alikuwa ameshaanza kuunda gari la kwanza lenye jina la familia, 356, lililobebwa na vyuma vile vile vya msokoto. Mzee alifariki Stuttgart mnamo Januari 30, 1951, akiwa na miaka 75.

Miaka miwili baadaye mashindano ya Safari yalianza Afrika Mashariki, na kigari chake kikafika kwenye vumbi letu. Beetle ilishinda Safari mwaka wa 1954, ikarudia 1957, tena 1962. Magari yenye nguvu mara mbili yake yaliachwa kwenye matope ya mvua za masika, ilhali kobe huyu alipita, tumbo lake likiwa bapa na magurudumu yake yakifuata ardhi.

Kwa hivyo wewe mwenye Beetle ya babu, kabla hujafunga vyuma vipya, fanya hivi. Egesha gari mahali tambarare, jaza upepo sawa kwenye matairi, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Andika. Tia alama kwenye meno kabla ya kuyatoa. Chuma cha kushoto ni cha kushoto na cha kulia ni cha kulia. Vilitengenezwa kusokotwa upande mmoja tu, usivibadilishane. Na ule mkono wa gurudumu una nguvu za kuvunja mguu wa mtu ukichomoka ghafla, kwa hivyo mpishe fundi anayejua.

Ukishateremsha jeki, usipime papo hapo. Lisukume gari mbele na nyuma, au lizungushe mtaa mzima kwanza, maana magurudumu hubaki yamejikunja baada ya kuinuliwa. Kisha pima, linganisha na ulichoandika, na kama kuna tofauti, rudi kwenye hesabu ya meno 40 na 44.

Usione ni mambo ya urembo. Beetle nyingi za zamani zina ekseli za nyuma zinazobembea. Gari likiwa juu mno, gurudumu linaweza kujikunja chini ya bodi kwenye kona ya kasi na kulipindua. Likiwa chini mno, matairi huliwa upande wa ndani na shoki hugonga mwisho kwenye kila tuta. Ukiinua nyuma pekee ukasahau mbele, usukani huanza kuyumba. Hata taa za mbele hubadilisha pa kumulika.

Porsche alielewa kwamba huwezi kugusa kitu kimoja kwenye gari bila kugusa kingine. Fundi wako naye anaelewa, ukimpa muda na ukiacha kumharakisha ati kuna shoo Jumapili.