Kurt Hahn: Mkimbizi aliyegeuza nyika kuwa darasa la viongozi

KATIKA kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kaunti ya Garissa, ardhi ni tambarare, miiba ni mingi na jua halina huruma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1992 kuwapokea raia wa Somalia waliotoroka vita, miaka 18 baada ya kifo cha Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyeeneza ulimwenguni mtindo wa kuwapeleka wanafunzi nyikani ili wajifunze kuongoza. Hata hivyo, maisha yake yanawahusu vijana wa Dagahaley kuliko inavyodhaniwa, kwani naye alikuwa mkimbizi.

Hahn alizaliwa Berlin tarehe 5 Juni 1886 katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Akiwa kijana alidhuriwa vibaya na jua, na tangu hapo hadi uzeeni alilazimika kuvaa kofia pana na kukwepa mwanga mkali. Ni ajabu kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyewatoa vijana madarasani akawapeleka milimani na baharini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokaribia kumalizika, Hahn alikuwa katibu wa Mwanamfalme Max wa Baden, Chansela wa mwisho wa dola ya kifalme ya Ujerumani. Mwaka wa 1920 wawili hao walifungua shule katika kasri la Salem. Hahn aliamini kuwa vijana wa zama zake walikuwa wakidhoofika mwili, wakipoteza ari ya kujianzia mambo na, baya zaidi, wakipoteza huruma. Dawa yake ilikuwa kuwapa majukumu ya kweli, ambayo mtu akiyazembea mwenzake huumia.

Mtihani wake mwenyewe ulimfika Agosti 1932. Wafuasi wa Hitler walimuua kikatili kibarua mmoja mkomunisti katika kijiji cha Potempa, na Hitler akawaunga mkono hadharani wauaji hao baada ya kuhukumiwa kifo. Hahn aliwaandikia wanafunzi wa zamani wa Salem akiwataka wachague baina ya shule yao na Hitler. Machi 1933 alitiwa kizuizini. Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, aliingilia kati, akaachiliwa, na Julai mwaka huo akaihama nchi yake akiwa na umri wa miaka 47.

Mwaka uliofuata alifungua shule ya Gordonstoun nchini Scotland. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Mwanamfalme Philip, aliyekuja kuwa mume wa Malkia Elizabeth. Si kila mtu aliyeyapenda maisha ya huko: Mfalme Charles, aliyesoma hapo baada ya Hahn kustaafu, hakuyafurahia kamwe.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoikuza kazi yake. Meli za Uingereza zilikuwa zikizamishwa Atlantiki, na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, alisikitika kwamba mabaharia vijana walikata tamaa na kufa katika mashua za kuokolea ilhali wazee waliwashinda kwa kustahimili. Mwaka wa 1941 Holt na Hahn walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Kwa takriban mwezi mmoja vijana walisafiri kwa mashua, wakavuka milima kwa miguu na kujifunza uokoaji. Kilele cha mlima hakikuwa lengo. Lililotazamwa ni nani angerudi nyuma kumbebea mzigo aliyechoka.

Mbegu hiyo ilifika Kenya katika miaka ya 1950, shule kama hiyo ilipofunguliwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka wa 1956 Philip, akishauriwa na mwalimu wake wa zamani, alianzisha tuzo ya vijana ambayo Kenya iliiga mwaka wa 1966 kwa jina la Tuzo ya Rais. Kijana anayewania dhahabu hutakiwa kusafiri nyikani na wenzake kwa siku nne, wakilala nje usiku mara tatu.

Hahn alirejea Ujerumani baada ya kustaafu na kufariki tarehe 14 Desemba 1974 karibu na Salem, alikozikwa.

Dagahaley imeleta swali ambalo hakuliacha na jibu. Wakazi wake wa kwanza waliivuka nyika kwa miguu bila ramani wala mwalimu, na hakuna aliyewatuza. Watoto waliozaliwa humo nao walifungiwa nyika hiyo hiyo: chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kutoka kambini bila kibali lilikuwa kosa, na sheria ya 2021 iliyoirithi haikuondoa utaratibu wa maeneo maalumu ya wakimbizi. Kwa mwanafunzi wa Dagahaley, safari ya siku nne huanza kwa foleni ya kuomba ruhusa.