Langley, mpimaji wa joto lisiloonekana

Mkulima wa Nambambo, wilayani Nachingwea, anayeanika korosho zake kabla ya kuzipeleka katika ghala la chama cha msingi, huutambua ukali wa jua kwa ngozi ya mkono wake. Sehemu kubwa ya joto hilo haionekani kwa macho. Mtu aliyewapa wanasayansi kifaa cha kulipima kwa usahihi mkubwa ni Samuel Pierpont Langley wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1906. Kifaa hicho, bolometa, bado kinatumika hadi leo, na mahali kinapotegemewa sana ni ndani ya vinu vya utafiti vinavyojaribu kuzalisha nishati kwa njia ileile inayoliwasha jua.

Langley alizaliwa tarehe 22 Agosti 1834 huko Roxbury, karibu na mji wa Boston. Alisoma hadi shule ya sekondari na hakuingia chuo kikuu. Kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kazi za uhandisi na usanifu wa majengo katika miji ya Chicago na St. Louis. Aliporudi nyumbani mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 30, alishirikiana na ndugu yake kutengeneza darubini, na kazi hiyo ya mikono ndiyo iliyomfungulia mlango wa elimu ya nyota.

Mwaka 1867 alikabidhiwa uongozi wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Allegheny, karibu na Pittsburgh. Kituo hicho kilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha na vifaa. Langley alitafuta mapato kwa njia ambayo wakuu wa taasisi za umma wangeweza kuitafakari hata leo: aliuza saa. Alipima saa sahihi kwa kuzitazama nyota, kisha akaituma kwa simu ya maandishi kwa kampuni ya reli ya Pennsylvania, ambayo treni zake zilihitaji majira ya aina moja katika stesheni zote. Malipo hayo yaliendesha utafiti wake kwa miaka mingi.

Utafiti wenyewe ulilihusu jua. Langley alitaka kujua jua linatoa nishati kiasi gani, na nishati hiyo imegawanyika vipi katika rangi zake, ikiwemo ile iliyo nje ya wekundu, ambayo jicho haliioni. Vifaa vya wakati huo havikuwa na wepesi wa kuhisi uliohitajika. Kati ya mwaka 1878 na 1880 aliunda bolometa. Ndani yake mlikuwa na vipande vyembamba mno vya madini ya platini vilivyopakwa masizi ili vinyonye mionzi yote inayoviangukia. Kipande kimoja huelekezwa kwenye mionzi, kingine hufichwa. Kilichoangaziwa hupata joto, na kwa kuwa chuma kikipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi, mkondo wa umeme unaopita katika vipande hivyo viwili huacha kulingana. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayosomwa. Kifaa kiliweza kutambua badiliko la joto la sehemu 1 kati ya 100,000 ya nyuzi 1 ya Selsiasi. Husimuliwa kwamba bolometa zake za baadaye zilihisi joto la ng'ombe aliyesimama umbali wa mita 400.

Mwaka 1881 alikipandisha kifaa hicho katika Mlima Whitney, jimboni California, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,400, ili apime jua mahali ambapo hewa ni nyepesi. Huko alithibitisha kwamba mionzi ya jua inaenea mbali sana nje ya wekundu kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo, hesabu yake ya jumla ya nishati ya jua inayoifikia dunia ilikuwa na kosa kubwa: alipata takribani mara mbili ya kiwango kinachokubalika leo, ambacho ni wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Vipimo vilikuwa vizuri, ila namna ya kuvikokotoa ilimpotosha. Vipimo vyake vya joto la mwezi vilitumiwa na Svante Arrhenius wa Uswidi mwaka 1896 katika hesabu ya kwanza ya kiasi ambacho hewa ya ukaa ingeweza kuiongezea dunia joto.

Langley alikuwa Katibu wa Taasisi ya Smithsonian jijini Washington kuanzia mwaka 1887 hadi kufa kwake, na umaarufu wake kwa umma haukutokana na bolometa. Ulitokana na ndege. Tarehe 6 Mei 1896 ndege yake ndogo isiyo na rubani, iliyoendeshwa kwa injini ya mvuke, iliruka umbali wa takribani kilomita 1. Serikali ya Marekani ilimpa dola 50,000 ili aunde ndege ya kubeba mtu. Ndege hiyo ilitumbukia katika mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903, na tena tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Rubani alinusurika mara zote mbili. Siku 9 baadaye ndugu Wright walifanikiwa kuruka. Magazeti na wabunge walimdhihaki mzee huyo waziwazi. Mwaka 1905 ikagundulika kwamba mtumishi wa hesabu wa taasisi alikuwa akiiba fedha. Langley alijitwika lawama na kukataa kuendelea kupokea mshahara. Alifariki tarehe 27 Februari 1906 huko Aiken, South Carolina.

Hakuishi kuona chombo chake kikihamia katika kazi mpya. Ndani ya kinu cha muungano wa nyuklia, gesi ya haidrojeni hupashwa joto hadi kufikia zaidi ya nyuzi milioni 100, mara kadhaa ya joto la kiini cha jua, ikageuka kuwa plasma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimetengana na viini vya atomu. Plasma huzuiwa kwa nguvu ya sumaku isiguse kuta. Hakuna kipimajoto kinachoweza kutumbukizwa humo. Kinachowezekana ni kupima mionzi inayotoka, na kwa kazi hiyo hutumika bolometa zenye utando mwembamba, mara nyingi wa dhahabu, uliowekwa nyuma ya tundu dogo. Utando hunyonya mionzi bila kubagua rangi, na joto lake husomwa kwa kulinganisha umeme, kama alivyofanya Langley.

Bolometa moja huona mstari mmoja tu ndani ya kinu. Zikipangwa nyingi pembeni na juu, mistari yake hukatizana, na kompyuta hukokotoa picha ya mahali nishati inapovujia, kwa hesabu za jamii moja na zile za mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kutoka pande nyingi. Isichanganywe na kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ya kupima mionzi kwa usalama wa watu. Hapa kinachotafutwa ni hasara ya joto.

Picha hizo zina uzito kwa sababu chembe chache za ukuta zikiingia katika plasma hung'aa na kuipoza, na zikizidi plasma huporomoka ghafla. Kwa miaka mingi kuta za kinu cha JET, huko Culham nchini Uingereza, zilifunikwa kwa vigae vya kaboni, elementi ileile iliyomo katika madini ya kinywe yanayopatikana katika ardhi ya Ruangwa, ingawa vigae hivyo hutengenezwa viwandani kwa usafi wa hali ya juu. Kaboni huvumilia joto kali, lakini hunasa tritiamu, ambayo ni fueli ya kinu chenyewe. Kufikia mwaka 2011 vigae hivyo vilikuwa vimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na beriliamu na tangsteni. Tangsteni nayo ina tabia yake: kiasi kidogo tu kikifika katikati ya plasma hupoteza nishati nyingi, na bolometa ndizo huonyesha kimefika wapi.

Tarehe 3 Oktoba 2023, katika miezi yake ya mwisho, kinu cha JET kilizalisha nishati ya megajuli 69 kwa sekunde chache, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa na kinu kingine cha aina hiyo. Kinu kikubwa zaidi, ITER, kinaendelea kujengwa kusini mwa Ufaransa, na mpango wake una bolometa zenye mamia ya mistari ya kutazamia.