Maisha ya Mohamed Amin, Mpigapicha wa Televisheni

Katika kazi ya televisheni wapo watu wa namna mbili. Wapo wanaoonekana, yaani watangazaji, ambao nyuso na sauti zao huzoeleka kwa watazamaji kama za jamaa wa nyumbani. Wapo pia wasioonekana, ambao hubeba kamera begani na kwenda mahali ambapo wengine wanapakimbia. Marehemu Mohamed Amin, ambaye wenzake walimwita kwa kifupi Mo, alikuwa wa kundi hili la pili. Maisha yake yanafaa kusimuliwa kwa askari na polisi, kwa sababu kwa muda wa miaka zaidi ya 30 alifanya kazi palepale wanapofanyia wao: penye mapinduzi, penye mauaji, penye vita na penye njaa. Naye hakuwa na silaha ila kamera.

Alizaliwa mjini Nairobi tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake, mwenye asili ya Punjab, alikuja Afrika Mashariki kufanya kazi katika shirika la reli. Mo alipokuwa angali mtoto, jamaa yote ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia na kusoma. Akiwa mwanafunzi alijipatia kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie, akajifunza mwenyewe namna ya kupiga picha na kuzisafisha. Hakukawia kugundua kwamba magazeti yalikuwa tayari kulipia picha nzuri. Mwaka 1963, alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha shirika lake la picha mjini Dar es Salaam na kuliita Camerapix.

Mwezi Januari mwaka uliofuata mapinduzi yalitokea Zanzibar. Kijana huyo alikuwa miongoni mwa wapigapicha waliowahi kuingia Unguja, na filamu zake zikaonyeshwa katika nchi za mbali. Hata hivyo, Unguja hiyohiyo ndiyo iliyomfunza kwamba kazi hiyo ina gharama. Mwaka 1966 alikamatwa huko kwa ajili ya picha zake za mambo ya kijeshi, akatiwa gerezani kwa karibu mwezi mmoja na kuteswa. Alipoachiliwa alikuwa amekonda mno. Kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa Kenya, alirudishwa Nairobi, na tangu hapo mji huo ukawa makao yake na ya shirika lake.

Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipigwa risasi katikati ya mji wa Nairobi. Mo alifika mapema, akaendelea kupiga picha hata waziri huyo alipokuwa akipelekwa hospitali. Filamu hiyo ilimpatia tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza. Baadaye aliandamana na matukio ya Uganda katika utawala wa Idi Amin, tangu mapinduzi ya mwaka 1971 na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1979. Alitoa pia vitabu vya picha, kimojawapo kikiwa juu ya Hija ya Makka na kingine juu ya watu wa Ziwa Turkana.

Lakini kazi iliyolifanya jina lake lidumu ni ile ya Ethiopia. Mwaka 1984 ukame ulikuwa umeziunguza nyanda za juu za kaskazini, na vita vya Tigray na Eritrea vilikuwa vimezuia njia za chakula. Ukame peke yake huleta upungufu, bali upungufu ukikutana na vita huwa mauti. Mkulima hawezi kwenda sokoni, lori la nafaka haliwezi kupita, na anayeshika njia ndiye anayeamua nani ale. Wakati huohuo, mjini Addis Ababa serikali ilikuwa imeshughulika na maadhimisho ya miaka 10 ya mapinduzi yake, na waandishi wa habari wa kigeni hawakupewa kwa urahisi ruhusa ya kwenda kaskazini.

Mo hakukata tamaa. Alizijua ofisi za Addis Ababa na watu wake, akabisha hodi hapa na pale mpaka akapata kibali. Mwezi Oktoba 1984 alifika Makele na Korem pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Huko Korem waliwakuta maelfu ya watu wamelala nje kwenye baridi ya milimani, na kila alfajiri maiti zilikuwa zikifungwa kwa magunia na kulazwa chini kwa safu. Mo alipiga picha polepole, bila haraka na bila madoido, akiwaonyesha wale watu kama watu, si kama idadi.

Filamu hiyo ilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984, kisha ikasambazwa kwa vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. Kwetu Rwanda televisheni ilikuwa haijaanza; ilikuja mwaka 1992. Kwa hiyo mtu wa Cyangugu, kama wa sehemu nyingine nyingi za Afrika, alizipata habari hizo kwa redio tu. Lakini huko Ulaya na Marekani watu walijionea kwa macho yao, nao hawakuweza tena kusema kwamba hawakujua. Serikali zilituma ndege za chakula. Wanamuziki walitoa wimbo wa kuchangisha fedha mwishoni mwa mwaka huo, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha kubwa la Live Aid lilifanyika siku moja katika miji ya London na Philadelphia. Makumi ya mamilioni ya fedha yalipatikana. Yapo mabishano mengi juu ya namna msaada huo ulivyotumika, lakini hakuna anayekana kwamba watu wengi waliokolewa.

Mwaka 1991 Mo alirudi Addis Ababa kupiga picha za vita vilivyomwondoa Mengistu. Mji ulikuwa umekwisha kutekwa na wengi walidhani hatari imepita. Mapema mwezi Juni ghala la silaha liliwaka moto na kulipuka. Mwenzake wa sauti, John Mathai, alifariki papo hapo. Mo aliokolewa, lakini mkono wake wa kushoto ulikatwa. Mwingine angeiacha kazi hiyo akabaki na heshima yake. Yeye alifungiwa mkono wa bandia, akajifunza upya namna ya kuishika kamera, na baada ya miezi michache alikuwa kazini tena.

Mwisho wake ulikuja tarehe 23 Novemba 1996. Alikuwa akisafiri kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi kwa ndege ya shirika la Ethiopia, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Vijana watatu waliingia chumba cha rubani, wakachukua shoka la humo ndani na kutisha kwamba wana bomu. Ilikuja kubainika kwamba bomu hilo lilikuwa chupa ya pombe iliyofunikwa. Walitaka kupelekwa Australia, kwa kuwa walisoma katika jarida la ndege kwamba ndege ya namna ile inaweza kuruka saa 11. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta yalitosha safari ya Nairobi tu, lakini hawakumsadiki. Mafuta yalikwisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Wengine walizama kwa sababu walijaza upepo maboya yao wakiwa bado ndani ya ndege, maji yakawanasa darini. Mo alikuwa miongoni mwa waliokufa, naye yasimuliwa kwamba dakika za mwisho alikuwa amesimama akijaribu kusemezana na watekaji hao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Alimwacha mke na mtoto wake mmoja, Salim, ambaye aliendeleza shirika la Camerapix na kutoa filamu juu ya maisha ya baba yake.

Ndugu askari, uwe kwenye daraja la Rusizi au katika kituo cha polisi cha Kamembe, siku moja atakufikia mtu mwenye kamera na kibali mkononi. Kikague kibali chake kama sheria inavyokuagiza, kwa makini na kwa adabu. Kwa kibali cha namna hiyo Mohamed Amin alifika Korem, na watu waliokuwa wakifa gizani wakapata chakula.