Janani Luwum na Utii Usionyamaza

Kila siasa za nchi zinapochacha, hakosi kutokea mtu akaifungua sura ya 13 ya Waraka wa Paulo kwa Warumi, akatufundisha kwamba mamlaka yote yatoka kwa Mungu na kwa hivyo raia hana budi kunyamaza. Utii naukubali. Hilo la kunyamaza silioni katika sura hiyo, na mwanafunzi atakaye kujua sababu, mimi humwelekeza kwenye maisha ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda.

Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Mucwini, Kitgum, nchi ya Waacholi. Utotoni alichunga mifugo, na shule aliianza kwa kuchelewa. Baadaye alisomea ualimu huko Boroboro, akashika chaki kama sisi. Mwaka wa 1948 aliokoka katika uamsho uliokuwa umeenea Afrika Mashariki, kisha akaacha ualimu na kuingia katika uchungaji. Mwaka wa 1969 alifanywa askofu kaskazini mwa Uganda, na mwaka wa 1974 Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Idi Amin alikuwa ametawala tangu mapinduzi ya Januari 1971. Waacholi na Walangi wengi walikuwa wamekwisha kuuawa jeshini. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alinyakuliwa katika mahakama yake mwenyewe Septemba 1972, asionekane tena. Katika hali hiyo Luwum alibisha hodi kwa wakubwa mara kwa mara, akiwaombea waliokamatwa na kuuliza waliko. Wako waliomlaumu kwamba yu karibu mno na Serikali. Lawama hiyo naiona nyepesi. Mke amtafutaye mumewe aliyetoweka atasaidiwaje na askofu asiyekanyaga ofisi za dola?

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, wanajeshi waliivamia nyumba yake huko Namirembe wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Rais barua. Walilalamika kwamba ikiwa nyumba ya Askofu Mkuu yaweza kuvamiwa hivyo, raia wa kawaida hana salama. Haikuwa karatasi ya uchochezi isiyo na mwenyewe. Ilimwendea mtawala, kwa cheo chake, na walioiandika walitia majina yao. Kwangu mimi huo ndio utii wa raia Mkristo. Hata Paulo, ambaye waraka wake hugeuzwa kuwa kifunga mdomo, alipopigwa na kufungwa huko Filipi bila kuhukumiwa alikataa kutolewa kwa siri. Aliwataka mahakimu waje wamtoe wenyewe. Baadaye alikata rufani kwa Kaisari. Aliyaheshimu mamlaka kwa kuyadai yatimize sheria yao.

Tarehe 16 Februari Luwum aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wenzake. Hakukimbia, ingawa hatari ilikuwa wazi. Silaha zilitandazwa mbele ya umati wa wanajeshi, ukasomwa waraka uliomhusisha na njama ya kumrejesha Milton Obote, na wanajeshi wakapaza sauti auawe. Wenzake waliambiwa waende nyumbani; yeye akazuiliwa. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Walioiona maiti walisimulia habari za majeraha ya risasi.

Serikali haikuukabidhi mwili kwa waumini wa Namirembe. Ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa Namirembe, kando ya lile la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka wa 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jumapili ile maelfu walifika kanisani bila jeneza la kuzika, wakatoka wakalizunguka kaburi tupu wakiimba.

Amin alipinduliwa Aprili 1979 na kufia uhamishoni Saudia mwaka wa 2003. Tangu mwaka wa 2015, kila tarehe 16 Februari, dola ya Uganda hufunga ofisi zake kwa heshima ya Luwum.