Marconi na Waya wa Antena

Pengine umepata kuona nyumba ambayo mwenyewe amefunga waya mrefu kutoka dirishani hadi juu ya mwembe ili redio yake isikike vizuri. Waya huo ni antena. Kazi yake ni kunasa mawimbi ya redio yanayopita hewani na kuyaingiza katika redio. Sasa utasoma habari za Guglielmo Marconi, mtu aliyetumia miaka mingi kutafuta antena ifaayo.

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1874, katika mji wa Bologna, nchini Italia. Alipokuwa kijana alisoma habari za Heinrich Hertz, mtaalamu wa Ujerumani aliyekwisha kuonyesha kwamba cheche za umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Wakati huo meli ikishafika mbali baharini haikuweza kuzungumza na nchi kavu. Ikipatwa na hatari, hapakuwa na wa kuiitia msaada. Marconi aliazimia kuyatumia mawimbi hayo kupeleka habari.

Mwaka wa 1895 alifanya majaribio nyumbani kwao. Alichukua sanduku la bati lenye upande wa sentimita 30, akaliweka juu ya nguzo ya meta 2 na kuliunganisha na mtambo wake kwa waya. Waya mwingine aliuunganisha na ardhi. Alama zilifika meta 30 tu. Alipotumia nguzo ya meta 4, zilifika meta 100. Kwa nguzo ya meta 8, zilifika meta 400. Zitazame tena hesabu hizo. Kila kimo kilipoongezwa mara mbili, umbali uliongezeka zaidi ya mara tatu!

Mwaka wa 1896 Marconi alikwenda Uingereza, na mwaka wa 1899 habari zake zilivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Kisha alitaka kuivuka Atlantiki. Huko Poldhu, Uingereza, alisimamisha milingoti 20, kila mmoja wenye kimo cha meta 60 hivi. Gharama yake ilikuwa kubwa sana. Mwezi wa Septemba, 1901, upepo mkali uliiangusha. Mwezi wa Novemba dhoruba iliangusha milingoti aliyoijenga ng'ambo ya pili, Marekani. Je, wewe ungefanya nini?

Marconi alijenga Poldhu antena ndogo zaidi ya kupelekea. Kwa kupokelea, alisafiri hadi Newfoundland akiwa na maputo, tiara na waya. Kupeleka mawimbi mbali kwahitaji nguvu nyingi za umeme, bali kupokea kwahitaji hasa waya mrefu ulioinuliwa juu. Puto lilikatika kamba likapotelea mbali, na tiara moja nayo ikapotea. Tarehe 12 Desemba, 1901, tiara nyingine ilipaa na waya wa meta 150 hivi. Marconi, chombo cha kusikilizia kikiwa sikioni, alieleza kwamba alisikia milio mitatu midogo. Hiyo ndiyo herufi S, iliyopelekwa kutoka Poldhu, umbali wa kilometa 3,400 hivi.

Wengi hawakusadiki, nao walikuwa na sababu, kwani milio hiyo haikuandikwa popote. Kwa hiyo mwezi wa Februari, 1902, Marconi alisafiri katika meli iitwayo Philadelphia, antena ikiwa imefungwa kwenye milingoti yake. Safari hii mtambo uliandika alama juu ya utepe wa karatasi. Herufi S ilipokelewa kutoka umbali wa zaidi ya kilometa 3,300. Tena ilionekana kwamba usiku mawimbi yalifika mbali kuliko mchana.

Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, meli Titanic iligonga mlima wa barafu uliokuwa ukielea baharini. Waya uliotandazwa kati ya milingoti yake miwili ulipeleka wito wa msaada, na meli Carpathia ikausikia. Watu 1,500 hivi walikufa, lakini zaidi ya 700 waliokolewa.

Marconi alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai, 1937.

Jaribio: Tafuta waya wa shaba wa meta 10 hivi. Funga ncha moja mtini kwa kamba kavu, na ncha nyingine izungushe mara kadhaa kwenye redio ndogo ya betri. Sikiliza mawimbi ya kati usiku, kwanza bila waya, kisha kwa waya. Usiupitishe karibu na nyaya za umeme, na uuondoe kabla mvua ya radi haijakaribia.