Sultani Yusuf bin Hasan na Hesabu ya Damu

Katika watu wanaotajwa sana katika tarehe ya pwani yetu ni Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Waislamu wengi humtaja kwa fahari, kwa kuwa aliirudia dini ya baba zake na akawanyang'anya Wareno ngome yao. Wakristo nao huwataja aliowaua kuwa ni mashahidi wa dini yao. Kila upande huhesabu maiti zake na kuzinyamazia za mwenziwe. Sisi tumeona ni wajibu kuwaeleza ndugu zetu maisha ya mtu huyu yote, mazuri yake na mabaya yake, kwani Muislamu ameamrishwa kuishuhudia haki japokuwa ni juu ya nafsi yake.

Hapana budi kuanza na hali ya zama zile. Mwaka 1587 Wareno walishuka Faza, mji jirani na sisi hapa Mbwajumali, wakiongozwa na Martim Afonso de Melo. Walikuja kuwaadhibu wenyeji kwa kuwa walimwunga mkono Amir Ali Bey, jemadari wa Waturuki. Wakawaua waliowakuta mjini bila ya kupambanua, wakauteketeza mji, wakaikata minazi, na kichwa cha mfalme wa Faza wakakichukua mpaka Goa, makao yao makuu katika Bara Hindi. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome Mombasa, na kiti cha mji ule wakampa mfalme wa Malindi aliyekuwa rafiki yao.

Urafiki huo haukudumu. Sultani Hasan bin Ahmad, babake Yusuf, aligombana na wakuu wa ngome mpaka akalazimika kukimbilia bara. Huko, katika mwaka 1614, aliuawa na watu waliopewa rushwa na Wareno. Kichwa chake nacho kikapelekwa Goa, kama kilivyopelekwa kile cha mfalme wa Faza miaka 27 nyuma yake.

Yusuf wakati huo alikuwa mtoto wa karibu miaka saba. Wareno wakamchukua wakampeleka katika mji uleule kilikopelekwa kichwa cha babake. Akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa, akapewa jina jipya, akafunzwa lugha yao na dini yao. Alipokuwa kijana alitumikia katika majeshi yao ya baharini, akaoa mke Mkristo. Yatupasa tulitie jambo hili katika mizani: mtoto yatima hakuulizwa anataka dini gani. Huku nako ni kulazimishwa, ingawa hapana upanga uliotolewa alani.

Walipoona ameiva, Wareno walimrudisha Mombasa awe mfalme kwa niaba yao. Maisha yake hayakuwa na raha. Raia zake Waislamu walimwona ni Mkristo aliyeletwa na wageni, na wageni walimwona ni mtu wa kuamrishwa. Mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau. Kisha zikaenea habari kwamba mfalme ameonekana kwenye kaburi la babake akisali kama wasalivyo Waislamu. Gamboa akakusudia kumpeleka Goa akahukumiwe.

Msomaji na ajue hukumu hiyo ilikuwa ni kitu gani. Tangu mwaka 1560 palikuwako Goa mahakama ya kanisa ya kupeleleza itikadi za watu. Aliyebatizwa, kisha akaonekana akifuata dini yake ya kwanza, alikamatwa, akafungwa, na huenda akateswa au akachomwa moto. Mahakama hiyo ilidumu, ila kwa kukatika kidogo, mpaka 1812, na mashitaka yake yalipita 16,000. Waliochomwa moto, kwa hesabu iliyosalia, ni makumi, wala si maelfu. Twaitaja hesabu hii jinsi ilivyo, kwani dhulma haihitaji kuongezewa chumvi ili iwe dhulma.

Yusuf hakungoja kusafirishwa. Katika Agosti 1631, siku ya sikukuu ya Wakristo ya Bibi Maryamu, aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamwua Gamboa, akaitwaa ngome na kutangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Mpaka hapo ni vita baina ya aliyedhulumiwa na mwenye kumdhulumu, na wapo watakaomtetea. Lakini mambo hayakukoma hapo. Wareno waliokuwa mjini walijificha katika nyumba ya mapadri, nao wakazingirwa. Wakristo wakatakiwa wasilimu au wafe. Wengi wakakataa, wakauawa. Wareno waliokufa walikuwa karibu 150, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Waliuawa pia Wakristo Waafrika, hata jumla ikakaribia watu 300. Miongoni mwao alikuwamo Dom António wa Malindi, binamu yake Yusuf mwenyewe. Wengine wakauzwa Arabuni kuwa watumwa.

Wareno walirudi na jeshi katika Januari 1632, wakaizingira ngome mpaka Machi, wakashindwa. Hata hivyo Yusuf alijua kwamba watarejea. Mwezi wa Mei aliihama Mombasa, akawa mtu wa kutangatanga baharini, akiwashambulia Wareno popote alipowapata, mpaka akafa katika Bahari ya Sham mwaka 1638, mbali na kiti chake na mbali na kaburi la babake. Wareno wakarudi ngomeni, nao walioachwa nyuma ndio waliolipa. Maandishi ya Wareno ya mwaka 1639, yaliyoko juu ya mlango wa ngome, yanajisifu kwa kuadhibiwa Pate na Siyu na kubomolewa kuta zake.

Sasa tuseme nini juu ya Yusuf? Twasema kwamba kurudi kwake katika dini ya baba zake kulikuwa ni haki yake. Kuwapinga waliomwua babake kulikuwa ni haki yake pia. Lakini watoto wa Kireno hawakumwua Sultani Hasan, na katika sharia yetu hapana abebaye mzigo wa mwenziwe. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani, na Mwenyezi Mungu amekataza kulazimishana katika dini. Alichofanyiwa Yusuf utotoni kule Goa, ndicho alichowafanyia wengine Mombasa, tena kwa upanga. Anayelaani la kwanza na kulisifu la pili hatetei Uislamu. Atetea kabila lake tu.

Tena tujihadhari na kuzicheza hesabu za maiti. Huko Ulaya, katika karne za kuwasaka wachawi, ilipata kuenea habari kwamba waliouawa ni milioni tisa. Wanavyuoni waliozipekua daftari za mahakama wamekuta kuwa ni baina ya 40,000 na 60,000. Je, madhambi yamepungua kwa hesabu kupungua? Hasha. Kila mmoja katika hao alikuwa mtu mwenye nyumba na jamaa, aliyeuawa kwa dhana. Na dhana hiyo haiko mbali nasi, kwani katika Kilifi yetu hii wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na majirani wakanyamaza.

Basi, ndugu zetu, mnapowasimulia watoto habari za Sultani Yusuf, wasimulieni zote. Waelezeni vichwa viwili vilivyopelekwa Goa, na yatima aliyebadilishwa jina, na kuta za Siyu. Kisha waelezeni na wale 300 wa Mombasa, wala msiruke hata mmoja. Mtoto anayefunzwa kulilia damu ya watu wake peke yake, atakapokua hataona uzito wa kumwaga ya wengine.

Wa billahi taufiq.