Shekhar Mehta: Kutangulia Si Kufika



Katika ukurasa huu tunaeleza maisha ya mtu aliyekwisha kufariki lakini kazi yake ingali inafundisha. Mara hii vijana wetu wanaojifunza garaji walituomba mtu wa motoka za mbio. Wazee wengine walicheka. Walisema motoka za mbio ni mambo ya matajiri, sisi tunatafuta unga na franga za shule. Tumewasikia wote wawili, na tumemuchagua Shekhar Mehta kwa sababu mbili. Ya kwanza: mpaka leo hakuna aliyeshinda Safari Rally mara nyingi kumupita yeye. Ya pili: alikuwa mtu ambaye familia yake ilifukuzwa kwao, akaanza tena mahali pengine.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Wahindi iliyokuwa na mashamba. Tusidanganyane: hakukua na njaa, na kuanza mbio za motoka kulihitaji feza ambayo watoto wengi wa Afrika hawakuwa nayo. Lakini mali ya familia haikumukinga na kile kilichokuja. Mwezi wa nane wa mwaka 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na akawapa siku 90. Watu waliozaliwa pale, na wazazi wao pia waliozaliwa pale, waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Maelfu walipita Entebbe na mizigo ya kubeba mkononi. Familia ya Mehta ilihamia Kenya.

Sisi wa Likasi hatuhitaji kufafanuliwa jambo la namna hiyo. Mwaka wa 1992 na 1993 gare yetu ilijaa familia zilizolala nje majuma na miezi kungojea treni ya kwenda Kasai. Wengi katika chama chetu walipita ku gare ile wakiwa watoto; wengine walikimbilia Zambia katika miaka ya vita iliyofuata. Hatuandiki hii ili kufufua ugomvi. Tuliorudi tunaishi vizuri na majirani, tunazikana na kuoana. Tunaandika kwa sababu mtu aliyepoteza kila kitu anajiuliza swali moja: ni kitu gani hawakuweza kuninyanganya? Maisha ya Mehta ni jibu moja la swali hilo.

Safari yenyewe ilikuwa nini

Mashindano yale yalianza mwaka wa 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakabaki Kenya peke yake. Hayakuwa mbio za kuzunguka kiwanja kizuri cha lami. Shofere na mwenzake wa kumusomea njia walipewa saa za kufika mahali fulani, na kila dakika waliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu kidogo njo mshindi. Walikimbia maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kwenye barabara ambazo ng'ombe, mabasi na watoto wa shule walikuwa wakizitumia vile vile.

Na walichagua siku za Pasaka, wakati mvua kubwa ya Afrika Mashariki inaanza. Hapa vumbi, pale matope meusi yanayoshika gurudumu kama gundi. Mwaka wa 1963 motoka 7 tu njo zilifika mwisho. Mwaka wa 1968 zikafika 7 tena. Kule njo ile mezali ya wazee inaonekana kwa macho: kutangulia si kufika.

Akili ya wahandisi

Vijana wanapenda kuuliza: motoka ya mbio inaitwa nzuri kwa sababu gani? Huko Ulaya kulikuwa na majibu mengi. Enzo Ferrari wa Italia aliweka moyo wake katika moteri. Kwake yeye motoka ilikuwa moteri kwanza, na vingine vilifuata. Colin Chapman wa Lotus, kule Uingereza, alifikiri kinyume: alipunguza uzito kila mahali, kwa sababu motoka nyepesi inaondoka haraka, inakata kona vizuri na inasimama mapema, hata kama moteri yake si kubwa. Wote wawili walishinda, na wote wawili walikuwa na haki katika viwanja vyao.

Safari ilileta jibu la tatu. Nguvu ni nzuri, wepesi ni mzuri, lakini motoka ya mbio ni ile inayofika. Amotisere ikivunjika katikati ya pori, nguvu ya moteri ni bure. Vumbi likiingia ndani ya silinda, wepesi ni bure. Radiatere ikitoboka na maji kumwagika, hata jina kubwa la kiwanda ni bure.

Wajapani wa Nissan, waliouza motoka zao kwa jina la Datsun, walilijifunza jibu hilo kwa taabu. Walikuja mara ya kwanza mwaka wa 1963 na barabara ikawashinda. Hawakuona haya kurudi. Kila mwaka waliangalia ni nini kilichovunjika, wakakifanya kiwe na nguvu zaidi, wakaja tena. Mwaka wa 1970 wakashinda na Datsun 1600 SSS, motoka ya familia iliyotengenezwa vizuri. Mwaka wa 1971 wakaja na motoka ya michezo kweli, Datsun 240Z.

240Z ilikuwa na moteri ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ukubwa wa litre 2.4 hivi, ndani ya motoka yenye uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Kila gurudumu, la mbele na la nyuma, lilikuwa na resori yake peke yake, hivi gurudumu moja likiingia shimoni, lingine halikuvutwa nalo. Yutaka Katayama, aliyesimamia kazi ya Nissan kule Marekani, alitaka motoka ya michezo ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuinunua na ambayo haimulazi njiani. Ile akili njo iliyoifaa Safari: bei ya kadiri, kazi safi, pyesi zinazofikiwa kwa mkono. Kwa mashindano waliongeza taa kubwa, chuma cha kukinga moteri kwa chini, na mwili uliotiwa nguvu ili usipasuke kwa mashimo.

Mwaka ule wa 1971, 240Z ya Edgar Herrmann ilitoka ya kwanza, na ya Shekhar Mehta ikatoka ya pili. Wakati huo alikuwa na miaka 25.

Pasaka ya 1973

Angalieni tarehe vizuri. Tangazo la Amin lilikuwa mwezi wa nane 1972. Pasaka iliyofuata ilikuwa mwezi wa ine 1973. Miezi minane tu! Ndani ya miezi hiyo familia ilihama, na kijana huyu akajitayarisha kwa mashindano magumu kuliko yote. Mwaka huo pia ulikuwa wa kwanza kwa Safari kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa rally, kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inaangalia.

Mehta aliingia na 240Z, na Lofty Drews alikaa karibu yake kumusomea njia. Mwishoni walipohesabu adhabu, Mehta alikuwa sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia na Datsun. Hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake hata kwa dakika moja. Sherti kanuni itumike: mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Yule alikuwa Mehta. Hakushinda kwa kukimbia sana mwishoni. Alishinda kwa sababu tangu mwanzo, wakati wengine walifikiri njia ingali ndefu, yeye alifanya kazi safi.

Tunapenda vijana wa garaji walisome fungu lile mara mbili. Bulo moja isiyokazwa vizuri saa mbili ya asubuhi inaweza kukunyima ushindi siku ya ine.

Mara ine mfululizo

Baada ya pale alingoja miaka sita. Joginder Singh, mtoto wa mwenye garaji wa Kericho aliyejua kushika ufunguo kama alivyojua kushika usukani, alishinda mwaka wa 1974 na 1976 na Mitsubishi. Wengine wakashinda pia. Mehta hakuacha. Halafu ikaja 1979, 1980, 1981 na 1982: akashinda mara ine mfululizo, na Datsun Violet, Mike Doughty akimusomea njia. Pamoja na ile ya 1973, zikawa mara 5.

Mwaka wa 1979 Mercedes walileta 450 SLC, motoka kubwa yenye moteri ya silinda 8 na litre 5. Violet ilikuwa na silinda 4 na kama litre 2. Hannu Mikkola, shofere mkubwa wa Finland, alitoka wa pili na Mercedes ile, nyuma ya Mehta. Mwaka wa 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka ule ule alikuwa bingwa wa dunia. Violet haikuwa motoka ya kutisha mtu kwa macho. Watu wengi wa Nairobi walikuwa wakiipeleka ku kazi na ku soko. Lakini wahandisi walikuwa wameijua kila mfupa wake, na shofere alikuwa ameijua kila shimo la njia.

Mke wake Yvonne alimusomea njia katika mashindano mengi. Mwaka wa 1987, kule Misri, katika Rally ya Mafarao, alipata ajali mbaya na Peugeot, na kazi yake ya ushofere ikaisha. Mtu mwingine angekaa nyumbani kuhesabu vikombe. Yeye akaingia upande wa kuongoza mashindano, na tangu mwaka wa 1997 alisimamia tume ya rally ya shirikisho la dunia la mchezo wa motoka. Alifariki London mwezi wa ine 2006, akiwa na miaka 60.

Inatuhusu kwa nini

Wanachama, mali ya nchi yetu imo ndani ya motoka zile zote. Umeme wa motoka unapita katika nyaya za shaba. Radiatere za wakati ule zilikuwa za shaba. Valvu za moteri zenye kazi ngumu zinapakwa mchanganyiko wa kobalti ili zisile haraka katika moto. Na katika miaka ile Katanga ilikuwa kati ya mahali pa kwanza duniani kwa kobalti. Wazee wetu wa Shituru na Panda walisafisha shaba na kobalti maisha yao yote. Tulitoa madini, akili ya kuyageuza kuwa moteri ilibaki kwa wengine. Kilio tumelia mingi. Sasa tunasema tuanze na kile tunachoweza, ni kusema mikono ya watoto wetu.

Njo maana chama kinaomba kila mwanachama asiache kotizasio yake ya mfuko wa vyombo. Kijana anayemaliza kujifunza bila kuwa na funguo zake mwenyewe anarudi kuosha motoka za wengine. Kuna bale wanaosema ni afazali feza ile igawanywe kama likelemba, kila mtu apate kidogo. Tunawaheshimu, na neno lao litajadiliwa katika mkutano. Sisi wa komite tunawaza hivi: unga unaliwa na kwisha, nyumba inaweza kuchukuliwa, kiwanja kinaweza kuchukuliwa. Tumeyaona. Lakini kijana anayejua kusikiliza moteri na kusema ugonjwa wake uko wapi, hata umupandishe treni usiku bila sanduku, atashuka na kazi yake ndani ya kichwa. Familia ya Mehta iliacha mashamba Uganda. Ile ya kuendesha ilivuka mpaka pamoja naye.

Kwenu marafiki munaotusaidia: hatuombi motoka za mbio. Tunaomba funguo, kriki, vitabu vya garaji kwa Kifaransa, na kama inawezekana moteri ya zamani isiyotembea tena, ili vijana waifungue na kuifunga mpaka waijue. Wajapani wale waliacha njia mwaka wa 1963 na wakashinda mwaka wa 1970. Hata sisi tuko tayari kungoja miaka saba, lakini sherti tuanze.

Tubaki na umoja. Mkutano ujao utatangazwa mahali pa kawaida. Muje na maswali yenu.

Komite ya chama, Likasi